Udi hauondoi harufu ya tangi la samaki

Nimeona niandike hii maana kila nikiingia nyumba yenye tangi la samaki ukumbini nakuta mambo yale yale, maji yameshaanza ukijani, kuna kaharufu fulani, na mwenye nyumba keshatia udi kwenye chetezo mapema ili wageni wasisikie. Udi mzuri jamani sikatai, lakini ile harufu inatoka majini, na samaki ndo anakaa humo humo masaa 24.

Tangi lenye afya halinuki. Ukiinama juu yake unasikia harufu nyepesi ya udongo tu basi. Ukisikia shombo ujue kuna kitu kinaoza, chakula kilichobaki, jani lililokufa au samaki kafia nyuma ya jiwe na hakuna aliyemuona. Na ukisikia harufu ya yai viza hiyo inatoka chini kwenye changarawe, pale palipojaa uchafu hewa haipiti, utaona hata pameweka weusi.

Mkosaji namba moja ni chakula. Nyumba zetu hizi watu wengi, baba kalisha asubuhi, mtoto karudi chuoni kalisha, shangazi kaja kutembea nae anataka kuwaona wanavyogombania basi kamimina nusu kikopo. Samaki tumbo lake dogo, mpe kile atakachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku inatosha, mbili kama unawahurumia sana. Kikopo kifiche kabatini, kwangu mie hiyo ndo dawa kuliko filta yoyote ya bei mbaya.

Sasa hapa ndo penye kazi. Chakula kikioza na mavi ya samaki yakikaa inatoka amonia, na amonia ni sumu, unaona samaki anapanda juu anahema, mashavu mekundu. Kuna bakteria wanaoila hiyo amonia wakaigeuza naitraiti, ambayo nayo sumu vile vile, halafu wengine wakaigeuza naitreti ambayo haina ukali ule, ukibadilisha sehemu ya maji nayo inapungua. Hao bakteria wanaishi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe, kwenye vioo, na tangi jipya linataka wiki 4 mpaka 6 hivi wakae sawa. Sasa wewe Ijumaa umeamua usafi, umetoa samaki kwenye beseni, changarawe umeipiga sabuni, sponji umeikamua chini ya mfereji (bomba) mpaka ikawa nyeupe, umejaza maji mapya yote. Tangi linang'ara kweli, lakini wale bakteria umewamaliza, baada ya siku kadhaa maji yanaingia ukungu mweupe, samaki wanakufa mmoja mmoja, na watu wanasema kijicho.

Kwa hiyo safisha kidogo kidogo. Kila wiki toa robo ya maji, basi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linaingia lita 54, robo yake ni lita 13 na ushei, ndoo moja haijai. Chukua mpira mwembamba unyonye maji kutokea chini huku unapitisha ncha kwenye changarawe ili uchafu ndo utoke mwanzo. Sponji ikamue ndani ya ile ile ndoo ya maji machafu uliyoyatoa, usiipeleke mferejini, na sabuni isisogee kabisa. Maji unayotoa mwagia mikungumanga au maua, yanastawisha.

Maji ya kuongeza yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini, ile dawa ya maji ya bomba, itoke, au tia dawa ya kuiondoa kama unaipata. Na maji yetu Unguja mengi yanatoka chini kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, ndo ule ukoko mweupe kwenye birika la chai. Wapo samaki wanaoyapenda hayo hayo, gapi, moli, na siklidi wa Ziwa Tanganyika na wale mbuna wa Ziwa Nyasa, huko Ziwa Tanganyika maji ni magumu, yaani yana madini mengi, kuliko unavyodhani. Neoni tetra wa Amazon ndo shida, kwao maji laini. Chagua samaki wa maji uliyonayo kuliko kupigana na maji. Kisima cha karibu na pwani chenye munyu usikiamini. Ule ukoko ukishika kwenye kioo futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, upande wa nje.

Taa sasa. Watu wanawasha taa ya tangi asubuhi mpaka tamthilia ya mwisho imalizike halafu wanashangaa mwani, yaani ule ukijani, umejaa kiooni. Mwani unaolimwa baharini kule Paje na Jambiani unaleta pesa, huu wa kwenye kioo haununuliwi na mtu! Masaa 6 mpaka 8 kwa siku yanatosha, anza na 6, na kama unapata ile swichi ya saa inayojizima yenyewe chukua. Taa ya LED nyeupe, iliyoandikwa 6500K, inawafaa majani na samaki wanaonekana rangi zao. Zile za kubadilika badilika nyekundu bluu zambarau ni za harusi. Samaki hana kope, giza lazima alipate. Na tangi usiliweke dirishani, jua letu hili masaa mawili tu limeshachemsha maji, na maji ya moto yanashika hewa kidogo. Waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Jengine watu hawalijui, dawa ya mbu ya kupuliza. Ile pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini, na dawa nyingi za mbu ni sumu kali kwa samaki. Ukitaka kupuliza zima pampu, funika tangi kwa taulo, fungua madirisha, subiri itoke ndo uwashe.

Na umeme ukikatika usilishe. Mie sisahau ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima giza. Weka pampu ndogo ya betri, huna basi teka maji kwa kikombe uyamwage kwa juu, rudia kila baada ya muda. Filta ya kopo, ile iliyozibwa pande zote, ikizimika masaa mengi usiiwashe hivi hivi, bakteria humo wameshaanza kufa na maji yameoza, mwaga kwanza yale ya ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndo uwashe.

Anayeuliza hao samaki hawaliwi unawafugia nini, mkaribishe kahawa akae nao nusu saa.