Krimu ya chunusi bila maelezo ni nusu ya tiba

Cheti cha dawa ya chunusi kinaandikwa: "Adapalini 0.1%, paka usiku." Hakuna kosa hapo, ila mwenye tyubu mkononi hajajua apake kiasi gani, wapi, wala mpaka lini. Asipoelezwa atapaka nyingi juu ya kila kipele, ngozi itaanza kuwasha na kuchubuka siku chache tu baadaye, naye ataiweka tyubu kabatini. Akirudi anasema dawa ilimkataa, na anaandikiwa kali zaidi.

Kiasi ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Osha uso kwa sabuni laini, kausha kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, kisha subiri kama dakika 20 ngozi ikauke kabisa, maana kwenye ngozi mbichi dawa huchoma zaidi. Gawa ile punje iwe vidoto vitano: paji la uso, mashavu yote mawili, pua na kidevu. Sambaza. Kwepa kope, pembe za pua na za mdomo. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikikauka sana, tangulia na krimu ya kulainisha ngozi, dawa ije juu yake.

Wengi huuliza kwa nini wapake hata pasipo na chunusi. Kipele kinachoonekana leo kilianza wiki kadhaa nyuma, kinyweleo kilipoziba chini kwa chini. Dawa za kundi la adapalini huzuia vinyweleo visizibe, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kwa chunusi ambazo bado hazijatokeza. Ndiyo maana nafuu ya kweli huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12, na mwanzoni hali inaweza hata kuchachamaa kidogo. Ni vizuri kumwandikia mgonjwa tarehe ya wiki ya 12, aione kwa macho. Mwenye mimba au anayepanga kuipata aseme mapema, abadilishiwe.

Benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ya 2.5% inatosha kwa wengi. Ya 10% huongeza muwasho kuliko faida. Mwambie mgonjwa pia kwamba inapausha taulo, foronya na kola za nguo. Akitumia na tretinoini (ya kundi la adapalini), moja iwe ya asubuhi na nyingine ya usiku.

Kwenye antibiotiki ndiko makosa yanakoniudhi zaidi. Klindamaisini ya kupaka ikitolewa peke yake hujenga usugu wa bakteria. Iambatane na benzoili peroksaidi. Doksisaiklini ya kumeza, miligramu 100 kwa siku, ni ya chunusi za wastani hadi kali, pamoja na dawa ya kupaka, na baada ya miezi 3 ipitiwe upya badala ya kujazwa tena na tena. Imezwe kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, kwa sababu kidonge kikinasa kwenye umio, njia ya chakula, huiunguza. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia hupunguza nguvu yake, basi viachanishwe kwa saa kadhaa. Wajawazito na watoto chini ya miaka 8 hawapewi.

Isotretinoini ya kumeza, dawa ya chunusi kali, huharibu mimba vibaya sana. Mwanamke apimwe mimba kwanza, atumie uzazi wa mpango mwezi mmoja kabla, muda wote wa tiba na mwezi mmoja baada yake. Isichanganywe kamwe na doksisaiklini, kwani mbili hizo zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu.

Kwa ngozi nyeusi, madoa mara nyingi humuumiza mtu kuliko chunusi zenyewe. Kukamua vipele huyazidisha, na jua huyafanya yakolee. Uliza pia, kwa upole, kama anapaka krimu ya kung'arisha: nyingi zina steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), nazo huzaa chunusi zao wenyewe.

Kabla hajaondoka, mpe tyubu aikamue mwenyewe kidoleni. Ikitoka zaidi ya njegere, rudieni.