Sista, hata sigara moja?

Simu imelia kabla ya adhana. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Anayepiga ni mama wa kijana nitakayemwita Nahodha. Si jina lake, wala hajawahi kushika usukani wa chombo chochote, ila ana mwendo wa mtu aliyesimama juu ya jahazi.

"Sista, leo siku ya tatu hajalala. Anapima sebule kwa miguu, kwenda na kurudi. Maradhi yamerudi."

"Anasikia sauti?"

"Hajasema."

"Anawaogopa watu?"

"Watu? Jana kutwa alikuwa nao barazani."

"Barazani akifanya nini, mama?"

Kimya kidogo. "Wanakaa tu, sista. Wanakunywa kahawa."

Nahodha ana skizofrenia, maradhi makali ya akili, na leo ni siku ya tisa tangu aache sigara. Alikuwa akimaliza pakiti kwa siku. Namwambia mama nitapita alasiri, asimpe chochote nisichokijua. "Hata sigara moja? Moja tu apate usingizi?" Hata hiyo moja, mama.

Saa kumi na mbili niko kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na mtoto wa shule anayesinzia. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mombasa. Juu ya kazi niliyoajiriwa nimejiongezea nyingine: kuwasaidia wagonjwa wetu kuacha sigara. Nikiitaja hiyo kwenye harusi, watu hucheka. Mtu anasikia sauti, nyinyi mwamnyang'anya sigara? Nimezoea.

Saa mbili kasoro nafika kliniki. Kibanda kilichotazamana na lango letu kimeshafunguliwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Ni lazima pakiti, tena isiyopungua sigara kumi. Mwenye kibanda huuza moja moja, na kiberiti cha gesi amekining'iniza dirishani kwa uzi ili kisipotee. Wateja wake wa asubuhi ndio wagonjwa wangu wa asubuhi. Tunasalimiana vizuri tu.

Wa kwanza leo ni mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini. Amekuja kuchoma sindano yake ya mwezi, na akishachomwa huja mezani kwangu kupuliza. Nina kipimo kidogo cha pumzi kinachoonyesha kiasi cha hewa ya kaboni monoksaidi, ile itokayo kwenye moshi. Unavuta pumzi, unazuia sekunde kumi na tano, kisha unaitoa polepole mpaka mapafu yaishe. Kuzuia ndiko kunakomshinda mzee. Mashavu yamemvimba, jicho limemtoka, nami nahesabu kwa vidole mbele ya uso wake. Mwezi uliopita ilisoma 31. Leo imesoma 19.

"Imesemaje?"

"Kumi na tisa, baba."

"Basi imenikubali."

Haijamkubali bado. Chini ya kumi ndipo tunapomhesabu mtu kuwa hajavuta. Lakini amepunguza kutoka sigara kumi na tano hadi saba, na sikumwambia aache kwa siku moja. Wagonjwa wetu wengi hushindwa wakiambiwa "kuanzia Jumatatu marufuku," huku wakianza kwa kupunguza hufika mbali zaidi. Nampa chingamu za nikotini na kuanza somo langu: hii si ya kutafuna kama peremende, tafuna kidogo mpaka ulimi uwashe, kisha iweke kati ya shavu na ufizi itulie.

Mzee ananitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi nimekula muguka miaka ishirini. Wewe wanifunza kuweka kitu shavuni?"

Kweli kabisa. Muguka ni majani ya kuchangamsha, jamaa ya miraa, na hukaa shavuni. Vijikaratasi vya maelezo vimeandikwa kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuweka tonge shavuni tangu adhuhuri hadi usiku. Kwetu hilo somo limeshafundishwa mitaani. Ninalobakiza ni moja tu: asinywe kahawa robo saa kabla yake, kwa sababu uchachu wake huzuia nikotini kupenya kwenye ngozi ya mdomo, akaishia kusema dawa haifanyi kazi. Taabu kubwa zaidi ni muguka wenyewe, maana mkono ukishika jani, mkono wa pili hutafuta sigara. Hilo sijalipatia jibu.

Nahesabu chingamu zilizobaki: vipande arubaini na viwili. Plasta za nikotini zimekwisha. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza bupropioni na vareniklini, dawa mbili za kuachia sigara zisizo na nikotini. Zipo kwenye orodha. Kabatini kwangu zipo chingamu arubaini na mbili.

Saa nne anaingia dada mmoja anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia. Ametulia miaka miwili, ameolewa tena, anataka kuacha sigara kabla ya kushika mimba. Yuko tayari leo hii hii. Namwomba asubiri mpaka tumwone daktari, naye ananuna. Anadhani simwamini.

Namwambia kisa. Zamani, kwenye wodi moja niliyofanyia kazi, tulimlaza kijana anayetumia klozapini na anayevuta sana. Wodini sigara zilipigwa marufuku wiki ile ile. Tukafurahi. Siku chache baadaye akawa analala mchana kutwa, udenda unalowesha mto, haja kubwa hapati. Tukaandika "ametulia." Kisha akapata kifafa kitandani, na hapo ndipo mtu mmoja alipouliza: huyu sigara aliacha lini?

Moshi wa tumbaku huliamsha ini livunje baadhi ya dawa haraka, klozapini na olanzapini zikiwemo. Mvutaji hupewa dozi kubwa kufidia. Akiacha, ini hupunguza kasi ndani ya siku chache, na dozi ile ile ya jana huwa nyingi mno. Ni moshi unaofanya hivyo, si nikotini. Kwa hiyo hata aliyehamia kwenye plasta ni lazima dozi yake iangaliwe. Kawaida daktari huipunguza kama robo katika wiki ya kwanza, akapima damu panapowezekana. Na mgonjwa akirudia kuvuta, hesabu inageuka: dawa inapungua mwilini, maradhi yanaibuka, watu wanasema "ameacha kunywa dawa" hali anazinywa kila usiku mbele ya mama yake.

Dada amekubali. Daktari atamwona Alhamisi.

Saa saba, wali wa nazi na samaki chumba cha chai, na ugomvi wetu wa kila wiki. Mwenzangu mmoja, muuguzi mzuri kuliko mimi kwa mengi, anasema: "Mwache avute. Hana kazi, hana mke, hana pesa. Sigara ndiyo raha yake iliyobaki."

Nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Nilifanya zaidi ya kusema: nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa natembea na pakiti mfukoni, nikamwambia mgonjwa fagia wodi nikupe moja, oga nikupe moja. Wako walioingia wodini hawavuti wakatoka wavutaji. Watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi huuawa na moyo na mapafu, si na zile sauti. Mimi nimewazika wawili. Hakuna aliyejiua.

Na si kweli kwamba hawataki kuacha. Uingereza walilijaribu jambo hili kwa watu 526 wenye skizofrenia na bipola, maradhi ya hisia kupanda na kushuka mno, utafiti uitwao SCIMITAR+, uliochapishwa mwaka 2019. Nusu yao walipewa muuguzi wa akili aliyefunzwa kazi hii, anayewafuata hata nyumbani, anayekubali wapunguze kwanza. Baada ya miezi sita asilimia 14 walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 6 ya wale waliopata huduma ya kawaida. Mwenzangu anasema 14 ni ndogo. Ni ndogo, tena baada ya mwaka pengo likapungua, 15 kwa 10. Ndiyo sababu huwafuata watu majumbani badala ya kuwapungia mkono langoni.

Saa kumi kasorobo niko Mji wa Kale. Nahodha amekaa barazani na wazee watano, goti linamchezacheza kama cherehani. Mbele yao muuza kahawa na dele lake, makaa chini yake mekundu. Namwamkia kila mmoja, kisha namuuliza yeye: leo vingapi? Anaanza kuhesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza unakwisha. Wa pili unakwisha.

"Kumi na kitu, sista. Nilikuwa nakuja hapa kuvuta, sasa sivuti, basi nafanya nini na mikono?"

Dawa yake ni risperidoni, ambayo moshi hauigusi, na ndiyo maana tangu alfajiri nilikuwa naishuku kahawa. Ini linalovunja klozapini kwa haraka ya moshi huivunja na kahawa vivyo hivyo. Mvutaji anaweza kunywa vikombe kumi akalala. Akiacha sigara, kahawa ile ile hukaa mwilini karibu mara mbili. Ongeza arosto ya sigara, na utapata mtu anayetembea sebuleni usiku kucha. Ninamuuliza taratibu juu ya sauti, juu ya watu kumfuata, juu ya redio. Hakuna. Anauliza Mombasa itachukua lini kombe.

Tunakubaliana vikombe viwili, vyote kabla ya adhuhuri, na chingamu na tasbihi kwa ajili ya mikono. Muuza kahawa amesikia yote. "Huyu simuuzii cha tatu," anasema, na wazee wanacheka.

Ndani, mama anasikiliza maelezo yangu ameshika tama. Nikimaliza anafungua pindo la leso yake. Humo mna noti ya shilingi hamsini, ufunguo, na sigara moja iliyopinda kidogo. Ameinunua jana usiku. Ameifunga na kuifungua, anasema, hajui mara ngapi.

"Nikupe wewe?"

"Utakavyo, mama."

Anaitazama, anaifunga tena pindoni. "Acha ikae. Usiku ni mrefu, sista."

Sikubishana naye. Saa moja kasoro niko kwenye feri ya kurudi, simu inatetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka kwake: "Ameomba kahawa ya magharibi. Analia kama mtoto. Nimpe kikombe?"

Nimeandika hapana, nikafuta. Nimeandika: "Maji ya tangawizi. Na umkalie karibu."