Behewa moja, pwani ya Sanriku

Leo nimepanda treni ya Sanriku kutoka Miyako hadi Kuji, kaskazini mwa Japani.
Behewa moja tu, la dizeli, bahari upande wa kulia.

Reli hii ilianza 1984. Tsunami ya Machi 11, 2011 iliivunja vibaya, lakini siku tano baadaye kipande cha Kuji hadi Rikuchu-Noda kilishabeba abiria. Siku tano jamani!

Shimanokoshi, kituo kilichosombwa chote kikajengwa upya, alishuka bibi mmoja na kapu lake.
Akashika chuma cha mlangoni. Mguu mmoja. Kisha wa pili.
Dereva alimngoja, hakuna abiria aliyeguna.
Nimeguswa sana.

Ndugu zangu, huko kwenu ni usafiri gani unawasubiri wazee hivi?