Mama Mwenye Ndevu

Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, mama yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuwa akinituma mara kwa mara kununua uzi na vifungo katika duka moja la Wahindi katikati ya mji wa Mwanza, karibu na Mtaa wa Rwagasore. Siku moja, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta nikisubiri chenji, aliingia mwanamume mrefu mwenye ndevu nyingi, na mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa rika langu, akamrukia shingoni huku akiita, "Mama! Mama!" Nilicheka hadi nikaondoka bila chenji, na nyumbani nikagombezwa.

Baadaye, tulipozoeana na yule mtoto, niligundua kwamba mama hakuwa peke yake. Mzee aliyekuwa akishinda kwenye kiti akihesabu noti aliitwa dada, na mdogo wa mwenye duka aliitwa kaka. Katika Kigujarati, mama ni mjomba, dada ni babu mzaa baba, na kaka ni baba mdogo. Nilihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo vyote ni vyake, ila sufuria inafuliwa nguo na beseni linapikiwa ugali.

Tangu hapo nimekuwa na mazoea ya kuyatazama maneno yanayofanana kwa jicho la mashaka. Hilo la mama lina maelezo mepesi. Mtoto mchanga anapoanza kutoa sauti, silabi zilizo rahisi kwake ni zile za midomo na za ncha ya ulimi, kama ma, ba, pa na da, na wazazi wa kila taifa huzidaka sauti hizo na kujipa wenyewe kana kwamba wameitwa. Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Urusi, aliliandikia jambo hili makala mashuhuri. Kinachotofautiana ni mgawanyo tu: huko Georgia mama ni baba na mama huitwa deda, ilhali kwa Warusi baba ni mwanamke, tena mara nyingi bibi kizee. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta jahazi lililobeba neno mama kutoka Gujarat hadi kwetu. Nitaongeza kwamba Wazulu, ambao ni Wabantu wenzetu, humwita mjomba umalume, neno lililoungwa kwa mama na kiini kile kile cha "ume", yaani mama wa kiume. Laiti ningalijua hilo siku ile, pengine nisingalicheka.

Somo la mama halikunizuia kukosea baadaye. Nikiwa sekondari nilishikilia kwa ukaidi mbele ya wenzangu kwamba neno simba tumelipata kwa Wahindi, kwa kuwa nilikuwa nimejua kuwa Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, humwita mnyama huyo simha, na kwamba Gujarat yenyewe ina simba katika msitu wa Gir. Hoja ilionekana haina pa kuvunjika: sauti zinakaribiana, maana ni ile ile, na biashara ya Bahari ya Hindi ni ya karne nyingi. Nilichosahau ni kuwauliza majirani. Ng'ambo ya ziwa letu, Waganda wana ukoo wa Kasimba, na kasimba wao ni kanu, yule mnyama mdogo wa madoadoa anayefanana na paka, wakati simba wenyewe wanamwita mpologoma. Wazulu nao wana insimba, na huyo pia ni kanu. Mzizi huu umetawanyika ndani ya Afrika ya Wabantu, mbali na bandari yoyote ya jahazi, ukitaja wanyama wenye sura ya paka, wakubwa kwa wadogo, na sisi tukaupandisha cheo ukawa wa mfalme wao. Kufanana kwake na simha ni bahati nasibu.

Wapo wasioamini kwamba bahati nasibu inaweza kufika umbali huo. Kwao huwa natoa mfano wa Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland nchini Australia, ambayo mbwa aliitwa dog, sawasawa na Kiingereza. Mwanaisimu R. M. W. Dixon, aliyeirekodi lugha hiyo, alionyesha kwamba neno hilo limetokana na umbo la zamani, gudaga, lililopunguka silabi kwa kanuni zinazoonekana katika maneno mengine ya Kimbabaram. Waingereza hawakuhusika. Wahenga wetu walisema duniani wawili wawili, ingawa walikuwa wakizungumzia sura za watu.

Ila mtego mkubwa zaidi haukuwa Australia wala Gujarat, bali kwa bibi yangu, upande wa Magu. Likizo moja aliniambia kwa Kisukuma kwamba anakwenda kisimani, na katika maneno yake yote sikio langu la mjini likadaka "kuja" tu. Nikakaa kibarazani nikimsubiri aje, naye akawa amekwenda zake. Katika Kisukuma, kuja ni kwenda, na kuja kwetu sisi Waswahili ni kwiza. Ukitazama herufi, utaapa kwamba kuja na kuja ni neno moja lililogeuzwa kichwa chini, lakini ndugu halisi wa kuja ya Kiswahili ni hiyo kwiza, ambayo haifanani nayo, pamoja na kwija ya Wahaya wa Bukoba.

Tunajuaje? Kwa sababu sauti zina nidhamu. Pale Kiswahili kinaposema njaa, Kisukuma husema nzala, na pale tunaposema njia, wao husema nzila: "j" yetu inasimama mahali pa "z" yao, na "l" waliyoitunza wao sisi tumeidondosha. Kanuni hiyo inaporudi neno baada ya neno, hapo ndipo undugu unapothibitika. Kwa kanuni hiyo hiyo nyanza ni nyanja yetu, jambo linalofanya jina Victoria Nyanza, lililoenea kwenye ramani za Wazungu baada ya mpelelezi Mwingereza Speke kufika pwani hii mwaka 1858, liwe ni jina la malkia lililofungiwa neno "ziwa" ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari.

Maneno ya mkopo yana njia nyingine, nayo hayanisumbui sana, kwa kuwa mara nyingi aliyeyaleta anajulikana. Shule ni Schule ya Wajerumani, na hela ni Heller, sarafu yao ndogo ya kikoloni, maneno yaliyobaki kama jina la Bismarck, kansela wao, lilivyobaki kwenye mawe yale yaliyosimama majini hapa Mwanza. Kinachonichosha ni wageni wanaouliza kama Wasukuma wanahusika na sukuma wiki. Sukuma, katika Kisukuma, ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini, hakuna aliyesukumwa.

Mwaka jana nilipita pale dukani. Siku hizi panauzwa simu, na mwenye duka ni yule rafiki yangu, ndevu zimemjaa kifuani. Tulikuwa tukiulizana habari za wazee wakati watoto wawili wa dada yake walipoingia wakikimbia na kuita, "Mama! Mama!" Nikageuka mlangoni kumtafuta mama yao, naye akacheka hadi akasahau kunipa chenji.