Taa mbili badala ya moja

Tulipomaliza kupanda futi 34,000 tukitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, geji ya mafuta ya kushoto ilisoma pauni 1,950, ya kulia 1,690. Kosa lilikuwa langu. Citation II, ndege ndogo ya jeti ya injini mbili, hujazwa kupitia mfuniko wa kila bawa, na pale chini nilisaini risiti ya boza kwa jumla ya lita bila kuuliza kila bawa limepata ngapi. Mita ya boza husoma lita, geji zetu pauni. Lita moja ya Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ni kama pauni 1.76. Lita 150 zilizozidi kushoto ndizo hizo pauni 260.

Mwalimu wangu aliniambia nisawazishe. Niligeuza swichi ya krosfidi, yaani ya kulisha injini zote mbili kutoka tangi moja, kwenye tangi la kushoto. Taa ya valvu iliwaka, ikazima: valvu imefunguka. Kwa matumizi yetu ya pauni 900 hivi kwa saa, dakika 10 zilitakiwa kupunguza kushoto pauni 150 na kuiacha kulia ilivyo. Tulipokaribia usawa wa Kondoa, kushoto ilikuwa 1,875, kulia 1,615.

"Geji zinasemaje?"

"Tofauti ni ileile, Kapteni."

"Basi achana na geji. Tazama taa za pampu."

Zilikuwa zimewaka zote mbili, na mimi niliziona tangu mwanzo nikadhani ndivyo inavyotakiwa.

Injini ikishawaka, pampu za umeme huwa zimelala. Kinachonyonya mafuta tangini ni ejekta, mrija usio na kitu kinachozunguka ndani yake: pampu ya injini hurudisha sehemu ya mafuta yenye shinikizo kubwa, yakipita kwenye tundu jembamba huvuta mengine mengi. Pampu ya umeme ni ya kuwashia injini, ya krosfidi, na ya kuokoa shinikizo likishuka chini ya psi 5 (pauni kwa inchi ya mraba).

Ukichagua tangi la kushoto, pampu ya umeme ya kushoto huwaka, valvu ya kati hufunguka, na mafuta yanayoendesha ejekta ya kulia hukatwa ili isishindane na kushoto. Hapo ndipo penye mtego. Ejekta ya kulia ikikatwa, shinikizo la kulia laweza kushuka kidogo kabla ya mafuta ya kushoto kufika. Swichi ya pampu ya kulia ikiwa NORM, yaani ijiwashe yenyewe inapohitajika, kama inavyopaswa kuwa, pampu ya kulia nayo huamka yenyewe, na haizimi shinikizo likirudi. Sasa pampu mbili zinasukumana kwa nguvu sawa, kila injini inakunywa kwake.

"Kulia weka ON, kisha rudisha NORM," alisema.

Tik, tik. Taa ya kulia ikazima, ya kushoto ikabaki. Baada ya dakika 5 geji ya kulia ilikuwa haijasogea hata mstari. Dakika ya 17 nilizima krosfidi. Taa ya valvu ikawaka tena na kuzima, pampu ya kushoto ikalala. Ukiisahau hapo, utalizidisha bawa la pili.

Mwanza nilisimama kando ya bawa, macho kwenye mita ya boza. Lita 340 kushoto, nikasema simama. Lita 340 kulia.