Aliruhusu au alichelewa

Tangu Jumanne kuna swali limenikaa kooni kama mwiba wa perege. Nimemeza matonge, nimekunywa maji, halishuki. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo: Alhamisi Baba Watoto aliapa, sasa ni raia wa Marekani, tukapiga picha na bendera, tukala, mashemeji wakapiga simu kutoka kila upande. Yote hayo yamepita. Swali la Kitindamimba limebaki.

Ilikuwa hivi. Nimemchukua shule, tumefika nyumbani, hatushuki. Tunakaa garini hita inaunguruma kwa sababu anataka nipitie kazi yake kabla hajaituma. Ameambiwa aandike kuhusu mtu wa hapa South Bend, Indiana, aliyebadilisha jambo. Nilijua angechukua mcheza mpira. Kumbe kamchukua Padri Theodore Hesburgh, nikafurahi kimoyomoyo, maana mnajua ninakofanya usafi zamu ya jioni, maktaba ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, na lile jengo lina jina lake. Nimefika mji huu yeye ameshafariki, 2015, akiwa na miaka 97, lakini nikifika ghorofa ya 13, alikokuwa na ofisi baada ya kustaafu, huwa napunguza kelele za ndoo. Heshima tu.

Kazi yenyewe nzuri, wala sisemi kwa kuwa ni wangu. Kazaliwa Syracuse, New York, 1917. Kapewa upadri 1943 katika Shirika la Msalaba Mtakatifu, anatamani kwenda vitani kuwa padri wa jeshi la majini, wakubwa wakamrudisha darasani asomee udaktari wa teolojia. Mwaka 1952 akakabidhiwa Chuo Kikuu cha Notre Dame akiwa na miaka 35. Akakaa nacho miaka 35. Huku mkuu wa chuo anaitwa rais, na huyu kweli aliishi kama rais, maana marais wenyewe walikuwa hawamwachi apumzike.

Sehemu iliyonichekesha ni ya wavuvi. Rais Eisenhower alimweka kwenye Tume ya Haki za Raia ilipoundwa 1957. Wajumbe sita, wengine wa kusini, wengine wa kaskazini, mmoja mweusi, na kazi yao ni kuangalia kama watu weusi wananyimwa kura. Sasa 1959 wako Shreveport, Louisiana, joto, wamechoka, ripoti haiandikiki. Padri akawapakia kwenye ndege hadi Land O'Lakes, Wisconsin, ambako chuo kina kambi ziwani. Wakala nyama, wakavua samaki, wakanywa kidogo, na usiku ule ule wakapitisha mapendekezo 12, 11 kati yake bila mtu kupinga. Eisenhower akashangaa watu wa aina ile wamekubalianaje. Padri akamwambia, wote ni wavuvi. Kitindamimba aliandika hapo, kwa maneno yake, kwamba amani ililetwa na sangara wa Marekani. Nikamwambia aache hivyo hivyo, asifute.

Halafu nikafungua mdomo.

"Mwanangu, hapa umesahau kubwa. Aliruhusu wasichana kusoma. 1972."

Hakuinua hata macho kwenye simu. "Aliruhusu, au alichelewa?"

"Alichelewa wapi?"

"Kaingia 1952. Toa mwenyewe."

Nikatoa. Ishirini.

"Nyakati zile, mwanangu..."

"Nyakati zile zile alikuwa anahesabu watu weusi waliokosa kura. Kuhesabu alikuwa anajua." Akachukua begi. "Wewe kila kitu kwako ni kuruhusiwa. Hata Babu, eti alikuruhusu kusoma."

Akafungua mlango, baridi ikaingia, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika usukani wa gari lililosimama.

Tangu hapo namjibu. Namjibu nikimwaga ndoo za taka, namjibu kwenye lifti. Namwambia: wewe hujui, alihangaika. Ng'ambo ya barabara kuna Saint Mary's, chuo cha wasichana cha masista, walijaribu kuviunganisha, mazungumzo yakavunjika 1971, ndipo akasema basi, tutawapokea wenyewe. Namwambia: mwaka 1967 aliutoa uongozi wa chuo mikononi mwa shirika lake na kuuweka kwa bodi yenye walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, padri gani mwingine ungemkuta anatoa funguo kwa hiari? Namwambia mwenyewe alipoulizwa makubwa aliyoyafanya, alitaja hayo mawili, walei na wasichana. Namwambia: 1964 kule uwanja wa Soldier Field, Chicago, alisimama ameshikana mkono na Martin Luther King wakiimba, wakati wakubwa wengi waliona ni heri wawe na shughuli nyingine siku hiyo. Picha ipo. Sanamu yake iko hapo mjini, umepiga nayo picha wewe mwenyewe umevaa koti la njano. Namwambia hiyo hiyo 1972 wasichana walipoingia, Rais Nixon alimtoa kwenye tume aliyokuwa mwenyekiti wake, kwa sababu hakunyamaza. Mtu wa namna hiyo unamwita mchelewaji?

Naye kichwani ananijibu kila mara, kwa sauti ile ile ya kuchoka: ishirini.

Nilichokuwa sikiri ni kwamba hapo kwa Padri sikuumia. Niliumia kwa Babu. Wasomaji wa siku nyingi mnakumbuka niliyoandika Baba alipofariki, jinsi mzee asiye na darasa alivyoniruhusu kwenda kidato cha kwanza wakati wenzangu wanachumbiwa. Niliisoma vile vile msibani, mbele ya jeneza, watu wakalia. Mjomba alinishika bega.

Jumamosi nikampigia Mama. Shikamoo, marahaba, habari za mifupa, mvua, mbuzi wa jirani. Sikutaka kuingia moja kwa moja, nikaanza na ule utani wa wanafunzi wa zamani. Kwamba Mungu na Padri Hesburgh wanatofautiana kitu kimoja: Mungu yuko kila mahali, na Padri yuko kila mahali isipokuwa Notre Dame.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Kama baba yako," akasema.

"Kama Baba kivipi?"

"Kila mahali isipokuwa kwangu." Akacheka tena.

Nikaona hapo hapo. "Mama, siku ile Baba aliponiruhusu kwenda shule, alisema maneno gani hasa?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Nani alikuruhusu?"

"Baba."

"Baba yako alikuwa Tanga kwenye mkonge mwaka ule. Barua yako aliileta katekista. Nikauza majogoo mawili na kile kitenge cha harusi ya dada yako, ukapanda basi na sanduku la mbao. Baba yako karudi mwezi wa sita, wewe huko shuleni."

"Akasemaje?"

"Akauliza nani anachota maji."

Jamani. Nilicheka hadi Baba Watoto akatoka bafuni na povu mashavuni kuuliza kuna nini, nikashindwa kumwambia. Mama naye kule anacheka, hajui ninacheka nini, anacheka tu kwa kuwa mimi nacheka. Dakika nzima ya salio imekwenda kwa kicheko. Halafu akasema, kama mtu anayekumbuka chumvi jikoni: "Na maji nilichota mimi."

Mbona hakuwahi kusema? Msibani alikaa mkekani, mstari wa mbele, kanga kichwani, akanisikiliza nikimshukuru mume wake kwa majogoo yake. Nilimuuliza. Akasema mtu aliyekufa hanyang'anywi kitu.

Jana usiku ghorofa ya 13 sikupunguza kelele. Sikukusudia, ndoo ilinitoka mkononi. Nikakaa kwenye kiti kidogo (nina mapumziko ya dakika kumi na tano, msiniandikie) nikawaza yale niliyosoma, kwamba miaka ya mwisho macho yalimwishia, wanafunzi wakawa wanapanda huku kumsomea magazeti. Nikaanza kumtunga msichana mmoja kati yao, mfupi, ana haraka, anasoma habari za dunia kwa mzee asiyeona, na mzee anamwambia rudia hapo. Sijui kwa nini nilimpa koti la njano.

Kitindamimba ameshatuma kazi. Nilichungulia. Sentensi ameiweka, ila "aliruhusu" haimo. Kaandika kwa Kiingereza kwamba mwaka 1972, miaka 20 tangu aingie madarakani, wasichana walianza kusomea shahada ya kwanza. Hapo hapo, bila neno la ziada. Sikumsifu wala sikumlaumu, nikamuuliza kama amekula.

Ile habari ya msibani bado ipo humu kwenye shajara. Nimeifungua mara mbili kuirekebisha, nikaifunga. Mjomba huisoma kila mwaka.

Na hita ya chumba cha chini imeanza kugonga tangu Ijumaa. Inagonga mara tatu, inanyamaza, inagonga tena, kama mgeni mwenye adabu. Fundi anasema hawezi kuja kabla ya Jumanne, na utabiri unasema usiku wa leo baridi itashuka zaidi. Baba Watoto amelala. Mimi niko hapa nasikiliza, ya kwanza, ya pili, ya tatu hiyo bado.