Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa ndege, sio mgawa chai tu

Saa tisa usiku alamu inalia. Kuoga, sare, nywele, nimetoka.

Saa kumi na nusu tuna kikao na marubani. Leo kapteni anatuambia baada ya kama masaa mawili angani tutapita karibu na ule mkondo wa upepo mkali wa juu, kwahiyo tutegemee kutikiswa. Sisi hapo ndo tunapanga chai ya moto itoke saa ngapi.

Saa kumi na mbili abiria wanaingia, tunakagua mikanda, tunafunga milango, tunaruka. Hakuna la kusimulia.

Saa mbili tunagawa chakula. Toroli likijaa linakaribia kilo 100, na breki yake inashika sakafu tu, haijui kama ndege inaweza kushuka ghafla.

Saa mbili na nusu hivi, ting, taa ya mkanda. Kapteni anasema wahudumu wote wakae. Tunarudisha toroli mbiombio, na hapohapo baba mmoja wa siti ya korido anasimama, anafungua kabati la juu, anataka chaja. Nikamwambia baba naomba ukae ufunge mkanda. Akaniambia binti, mimi nimeanza kupanda ndege hujazaliwa, na kwanza mbona imetulia. Ni kweli ilikuwa imetulia, nje jua tupu hata wingu hakuna, na ndo tatizo lenyewe, maana rada ya ndege inaona maji yaliyoko kwenye mawingu, hewa kavu inayochafuka haionyeshi kitu. Nikamwomba tena. Akaendelea kupekua begi taratiiibu kama yuko sebuleni kwake. Watu hawalioni hili: yeye akisimama, na mimi nimesimama, siwezi kwenda kujifunga nimwache na kabati wazi juu ya vichwa vya watu. Marekani kati ya 2009 na 2022 watu 163 waliumia vibaya kwa misukosuko ya angani, na wengi wao ni sisi wahudumu.

Kuna ile ndege ya Singapore ya Mei 2024, ilikuwa juu ya Myanmar. Ndani ya sekunde moja isiyotimia ndege ilivutwa chini, waliofunga mkanda wakashuka nayo, ambao hawakufunga wakabaki hewani, dari ikawafuata. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia, ikabidi watue Bangkok. Nilitaka kumsimulia yote haya, nikaishia kusema baba tafadhali.

Ikapiga. Chaja ikaruka, yeye akadondoka kwenye siti, nikafanikiwa kubamiza kabati, na mama mmoja wa nyuma yake akanivuta mkono nikakaa siti tupu ya pembeni, nikajifunga. Kiwiko kilikuwa kimeshagonga chuma cha siti. Dakika chache tu, lakini muulize mtu aliyekuwa ndani.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kufuta kahawa, kutafuta barafu, kumkagua mtoto aliyekuwa amepakatwa (hajaumia, ila mikono ya mzazi haishiki mtoto kwenye mtikisiko mkubwa, mnunulieni siti yake jamani), kumtuliza mdada anayelia, kuulizwa juisi ipo. Juisi! Halafu taa inazimwa na nusu ya kebini inafungua mikanda klik klik klik. Taa ikizimwa maana yake unaruhusiwa kwenda chooni. Ukiwa umekaa kaa nao tu, chini kiunoni, umebana, na ukilala ufunge juu ya blanketi nisikuamshe.

Tumetua mchana, kiwiko kimevimba. Ndege bado inatembea kwenda kuegeshwa, nani kasimama wa kwanza kufungua kabati? Babaangu yuleyule. Nikachukua maiki.